Onyo Lililotoka Kiini cha Nane

Mliniomba kurasa mbili za maelezo: mashine huwashwa vipi, programu ya ratiba hufunguliwa wapi, na likitokea hili bonyeza lile. Kurasa hizo nimeziandika, ziko kwenye faili ya bluu, na hazina utamu wowote. Haya mengine ni ya ziada. Hamkuyaomba, lakini mimi nimestaafu na wakati ninao, na nyinyi mliorithi chumba chetu cha mitihani mnao watu wengi wa kuwaambia kwamba kila kitu ni rahisi. Mimi nitawaonyesha palipo pagumu.

Kwa wasionijua, naitwa Nyambu. Nilishuka Mombasa kutoka Taita nikiwa na cheti kimoja na jozi moja ya viatu, nikaajiriwa karani katika chuo chetu kidogo, si mbali na nyumba za Buxton. Si kile chuo kikubwa mnachokidhania. Sisi tulikuwa ghorofa mbili na bomba moja la maji. Sikutoka hapo mpaka siku nilipokatiwa keki ya kuagwa. Kazi yangu miaka yote hiyo ilikuwa kupanga ratiba ya mitihani.

Watu hudhani ni kazi ya kuchora mistari. Wacha wadhani. Mitihani miwili ya mtu mmoja isigongane. Chumba kisipokee watu kuliko viti. Wanafunzi wa jioni, wale wanaotoka kazini bandarini na relini na maofisini, wasipangiwe asubuhi. Ijumaa adhuhuri hapana mtihani, Jumapili asubuhi hapana, na Msabato ana Jumamosi yake. Msimamizi anayeishi bara asiwekwe saa mbili kamili, kwa maana malori ya Makupa, njia ya kuingilia kisiwani, hayamjui mtu. Kila sharti ukilitazama peke yake ni jepesi kama karatasi lililoandikiwa. Yakusanye mamia, utake yote yatimizwe pamoja, na hapo ndipo utakapojua kwa nini nilipata mvi mapema.

Nilipoanza, mkuu wa chumba alikuwa Bi. Khadija, mwenyeji wa Mji wa Kale, mama mwenye miwani ya kamba na sauti ya upole iliyotutia hofu kuliko makelele. Alituketisha makarani wanne kwenye meza moja ndefu, na kila mmoja alijaribu kuipanga ratiba nzima, peke yake, kwa njia yake. Mmoja alianza na vyumba. Mwingine alianza na siku. Mutiso, ambaye hakuweza kufikiri bila chai, alianza na wanafunzi wa jioni. Mimi nilianza na masomo yenye watu wengi. Niliona ni upotevu wa nguvu: kwa nini watu wanne wafanye kazi ile ile? Bi. Khadija akaniambia nivute subira, nitaona.

Siri ilikuwa ubaoni. Ukifika mahali ukakwama, yaani umepanga na kupanga mpaka mtihani mmoja ukakosa pa kukaa, hukutakiwa kufuta tu na kuanza upya. Ulitakiwa kwanza ujiulize ni nini hasa kilichokukwamisha, uandike onyo kwenye kipande cha karatasi, ukibandike kwa pini ubaoni, ili wenzako wasije wakapiga vichwa ukuta ule ule. "Uchoraji na Umeme visiwekwe siku moja." Basi. Wewe umepoteza asubuhi nzima kulijua hilo, mwenzako analipata kwa kuinua macho.

Onyo langu la kwanza nililiandika ukurasa mzima. Nilieleza nilivyoanza, nilivyogeuka, nilivyodhani na nilivyokuta sivyo. Bi. Khadija alilisoma lote, akachomoa pini, akaikunja ile karatasi na kuanza kujipepea nayo.

"Hii ni hadithi, Nyambu," akasema. "Nzuri, lakini ni hadithi. Miye nataka onyo. Mwenzako akimaliza kuisoma hii, yeye mwenyewe ashakwama na ashakwamuka."

Wenzangu walicheka wiki nzima. Tangu siku hiyo sikuandika onyo lililozidi mstari mmoja.

Sheria yake ya pili ndiyo iliyokuja kuniponza miaka mingi baadaye, kwa hiyo isomeni polepole. Chini ya kila onyo ilikuwepo nafasi ya neno "ikiwa". Kama ulikwama kwa sababu ya masharti ya wote, uliiacha wazi. Lakini kama ulikuwa umejidhania jambo lako mwenyewe, ambalo wenzako hawakulidhania, ulilazimika kuliandika pale. Mutiso siku moja alibandika onyo kwamba mtihani wa Ufundi wa Mbao hauwezi kuwa Jumatatu. Tuliikwepa Jumatatu kwa siku mbili, tukatoa jasho, ratiba ikakataa kukamilika. Kumbe Mutiso alikuwa amejaribu kuichukulia karakana kama imefungwa Jumatatu, akasahau kutuambia. Bi. Khadija alikichomoa kile kikaratasi akamwekea mbele ya kikombe chake.

"Iko wapi ikiwa yako?" akamuuliza.

Akawa anatuuliza hivyo kwa kila jambo. Ukisema matatu hazipo leo, iko wapi ikiwa yako. Ukisema fulani hafai, iko wapi ikiwa yako. Tulimwigiza akiwa hayupo, na mara moja alitukuta tukimwigiza, akasahihisha matamshi.

Mashine ilikuja yeye akiwa ameshastaafu. Mwalimu mmoja wa kompyuta alinifundisha alasiri tatu, na nilijitayarisha kutoelewa kitu. Nikaelewa kila kitu! Ndani ya kompyuta ile mlikuwa na viini vinane, yaani sehemu nane za kukokotoa, na kila kimoja kinaweza kushughulika kwa wakati wake bila kumngoja mwenzake. Programu ilikipa kila kiini ratiba nzima kiipange. Kiini hujaribu, hukwama, hutafuta kilichokikwamisha, hujiandikia onyo, hurudi nyuma. Halafu kinaweza kuwapa wenzake onyo hilo. Nikamwambia mwalimu, "Hii ni meza yetu." Alidhani namtania.

Sasa ya kazi. Mtakapoanza, mtatamani kufungua milango yote, kila kiini kiwape wenzake kila kinachojifunza. Mimi nilifanya hivyo. Viini vinane vilipeana maonyo kwa maelfu, na kila kiini, kabla ya kupiga hatua, kilibidi kiyapitie yote. Mashine ikawa nzito kuliko ilivyokuwa na kiini kimoja, ikiunguruma kama jokofu la duka la samaki, na ratiba haikutoka. Nikakumbuka Bi. Khadija alivyojipepea kwa ukurasa wangu. Nikaweka kiwango: onyo fupi lipite, refu libaki kwa mwenyewe. Onyo linalotaja mambo mawili linakata njia nyingi mno za bure. Linalotaja ishirini huenda lisihitajiwe tena na mtu yeyote duniani.

Na hata mafupi, yasafisheni. Onyo ambalo limekaa bila kutumika, litoeni ubaoni. Msione huruma, likihitajika, viini vitajifunza tena. Jingine: msivianzishe viini vyote mahali pamoja. Kimoja kianze na vyumba, kingine na siku, vingine virusheni popote. Mkivianzisha sawa na kuvipa maonyo sawa, mtakuwa na viini vinane vinavyofikiri jambo moja, na umeme mnaulipia bure.

Nilijivuna, sikatai. Kazi ya majuma matatu niliimaliza kwa siku moja. Walimu wakija kulalamika nilikuwa nawaambia, "Mashine haidanganyi," nikiegemea kiti. Natamani ningeweza kurudi hapo nijizabe kofi.

Alikuwepo mwanafunzi wa jioni aitwaye Kadzo, Mgiriama, mama wa makamo, karani wa kuhakiki makasha bandarini. Alikuwa anamalizia stashahada yake kwa mwaka wa sita, kwa sababu mwaka mmoja mama yake aliugua na akaukosa mtihani wa Takwimu. Kwa hiyo msimu ule alikuwa na Takwimu pamoja na Usimamizi wa Maghala, mchanganyiko ambao hakuna mwanafunzi mwingine aliyekuwa nao. Kazini kwake nafasi ya msimamizi wa zamu ilikuwa wazi. Waliahidi kumpa akileta barua ya chuo kwamba amefanya mitihani yote, na barua hiyo ilitakiwa kabla ya mwezi kwisha. Haya yote nilikuja kuyajua kwa kuchelewa. Kwangu mimi alikuwa mstari mmoja.

Msimu huo paa la chumba cha juu lilikuwa linavuja. Fundi aliapa atamaliza kabla ya mitihani, na mnajua viapo vya mafundi. Mkuu wetu wa mitihani, mama asiyependa maneno mengi, alinitaka ratiba mbili: moja yenye chumba cha juu, na nyingine isiyokuwa nacho. Njia ya haki ilikuwa kuiendesha programu mara mbili, mbalimbali. Mimi nikafanya ujanja. Viini saba nikaviambia chumba kipo. Kiini cha nane nikakiambia kijifanye chumba hakipo. Vyote kwa pamoja, nusu ya muda. Nikajipongeza kwa chapati mbili.

Mlango wa kiini cha nane sikuufunga.

Mmeshaona. Kile kiini, katika ulimwengu wake usio na chumba cha juu, kilijifunza kwamba Takwimu ya jioni haiwezi kuwa Alhamisi. Kwake ilikuwa kweli kabisa. Onyo fupi, safi, la aina ile ile niliyoiruhusu. Likaenda kwa wenzake saba ambao walikuwa na chumba, na viti vitupu, na Alhamisi jioni nzima, nao wakalipokea kama walivyopokea mengine yote. Siku nyingine zote za jioni zilishajaa, isipokuwa Jumanne, na Jumanne Kadzo alikuwa na Maghala. Kufika adhuhuri viini vyote vinane vikasema neno moja: haiwezekani.

Nikaiuliza programu ni masharti gani yanayogombana. Ikanitolea orodha fupi, na ndani yake alikuwemo Kadzo. Nikamwondoa kwa majaribio. Takwimu ikaingia Jumanne, na ratiba ikatoka kabla chai haijapoa. Naam, nikasema, tatizo ni huyu. Mkuu akatia saini, ratiba ikabandikwa ubaoni, na Kadzo akaandikiwa barua kwamba mtihani wake wa Takwimu utangoja mwaka ujao.

Siku ya pili yake alikuja dirishani na barua mkononi, akiwa na fulana ya kumeremeta ya bandarini.

"Bwana Nyambu, sikuja kugombana," akasema. "Nataka kuuliza tu. Watu wote hawa, mbona ni mimi?"

"Ni mashine, mama. Imejaribu njia zote."

"Zote?"

"Zote. Haiwezekani."

"Hiyo nafasi kazini haitaningoja mwaka."

Nikaangalia skrini. Hapakuwa na kitu kwenye skrini, ilikuwa imezimwa, lakini niliiangalia. Akaikunja barua mara nne, akaondoka. Niliumwa na moyo, nasema wazi, na bado sikufikiri kwamba nimekosea. Niliwaza tu kwamba dunia ni ngumu kwa watu wa jioni.

Jumamosi nilikwenda kumtazama Bi. Khadija, kama nilivyozoea. Nilipita Ngome ya Yesu, ambapo waongozaji wa watalii, kwa sababu ya kofia yangu, hunisalimia kwa Kiingereza mpaka leo. Nikaingia vichochoro vya nyuma hadi kwake.

"Hodi! Subalkheri, Bi. Khadija."

"Subalkheri, mwanangu. Ndoo ndani, usisimame mlangoni kana mtu alotumwa. Wa hali gani?"

"Njema kiasi."

"Hiyo kiasi ndiyo naitaka. Keti unambie."

Nikamwambia. Nilieleza kama mtu anayeeleza msiba wa jirani, si kosa lake. Alinisikiliza huku akichambua mchele kwenye ungo, miwani puani.

"Hiyo mashine yako ina vitwa vingapi?"

"Vichwa vinane."

"Na vyote vyasoma ubao mmoya?"

"Ndiyo."

"Na vyote vyasema haiwezekani."

"Vyote vinane, Bi. Khadija. Si kimoja wala viwili."

Akatoa kijiwe kwenye mchele, akakiweka kando.

"Wanane wakisema neno moya, huenda wanane wameliona. Au mmoya ameliona na saba wamelisoma. Yule wa kwanza kusema, alikuwa ameketi chumba gani?"

Nikasimama, nikaanza kuvaa viatu. Alinitazama, akaelewa, na hakuuliza lile swali lake la siku zote. Ningependa angeuliza.

"Nenda," akasema. "Wali utaula siku nyengine."

Kila onyo linalopita baina ya viini huandikwa kwenye faili ya kumbukumbu, pamoja na nambari ya kiini kilicholitoa. Tangu nipewe mashine ile sikuwahi kuifungua. Nyinyi ifungueni kila mara. Nililitafuta onyo la Alhamisi, nikalikuta, na mbele yake nambari nane. Nikaufunga mlango wa kiini cha nane, nikayafuta maonyo yote, nikamrudisha Kadzo, nikawaacha saba peke yao, na nikaiamuru programu isiguse chochote kilichokwisha bandikwa, ila pale itakapolazimika. Jibu lilirudi nikiwa bado nimesimama: Takwimu ihamie Alhamisi jioni, chumba cha juu. Hilo tu. Fundi, kwa ajabu ya Mungu, alikuwa ameshamaliza paa.

Nikaenda kwa mkuu. Nilikuwa nimebakiza miezi michache nistaafu, na ningeweza kusema programu ilikuwa na hitilafu, nani angejua? Nilisema, "Nimekosea mimi. Niliacha kiini kimoja kiwadanganye wenzake." Mkuu akasema ratiba iliyobandikwa haibadilishwi hivi hivi. Wanafunzi wengine wa Takwimu, kumi na watatu, watie saini kwamba wanakubali kuhamia Alhamisi. Mmoja akikataa, yameisha.

Hapo mashine haikuwa na msaada. Nilikwenda kwa miguu yangu. Niliwakuta wengine darasani, wengine kazini, mmoja nilimngojea Makupa chini ya jua akishusha magunia ya vitunguu, akatia saini kwa kalamu yangu juu ya gunia. Kila mmoja nilimwambia ukweli, kwa mstari mmoja. Wa mwisho alikuwa kijana kutoka kwetu Taita aliyekuwa ameshakata tiketi ya basi ya kwenda nyumbani Alhamisi hiyo hiyo. Alininunia robo saa nzima. Kisha akauliza, "Huyo mama akikosa, ndiyo kazi imekwenda?" Nikamwambia ndiyo. Akaichukua kalamu.

Kadzo nilimpigia simu mwenyewe. Nilimwambia siku, saa na chumba. Mengine yalinishinda kusema kwenye simu.

Alhamisi, saa kumi na moja kasorobo, nilisimama mlangoni pa chumba cha juu, ingawa sikuwa zamu. Walikuja kumi na watatu, wakaketi. Kadzo akaja wa mwisho, anahema kwa ngazi, kofia ya kazini kwapani. Nilimsindikiza mpaka kwenye meza yake, nikainama.

"Mama, ile siku nilikwambia ni mashine. Haikuwa mashine. Ni mimi niliyekosea, na nilikwambia haiwezekani bila kuangalia. Nisamehe."

Aliiweka kofia chini ya kiti. Akapanga kalamu mbili na rula. Kisha akaniangalia usoni, na mimi nikamwangalia.

"Nilijua ni mtu," akasema. "Siku ile dirishani hukuweza kuniangalia. Leo waweza. Sasa nipe karatasi yangu, Bwana Nyambu, saa zaenda."